Fermata: Maana na Asili ya Istilahi Moja ya Muziki, na Tatizo la Kuipatia Neno la Kiswahili



Mada niliyoichagua kwa mhadhara huu ni neno moja tu, tena neno lenyewe si la Kiswahili. Ni neno la Kiitaliano, fermata. Kila mwimbaji wa kwaya anayesoma noti amekutana na alama yake, hata kama hajui jina lake: nusu duara iliyofunika nukta, imekaa juu ya noti mfano wa kitaji kidogo. Huenda wapo watakaouliza kwa nini mwalimu wa isimu ya Kiswahili aingilie mambo ya wanamuziki. Sababu ni kwamba neno hili tumekwisha kulitafsiri, na kwa maoni yangu tumelitafsiri vibaya, na tafsiri hiyo inabadilisha kile ambacho waimbaji hukifanya. Istilahi mbaya ya isimu humkosesha mwanafunzi alama katika mtihani. Istilahi mbaya ya muziki husikika kanisa zima.

Alama na kazi yake

Kabla ya kuzungumzia neno, yatupasa tuelewe kinachotajwa. Noti za muziki wa Ulaya hupimwa kwa mapigo. Noti moja hupewa pigo moja, nyingine mawili, nyingine nusu pigo, na anayeongoza huhesabu mapigo hayo kwa mkono au kwa kichwa. Fermata ikiwekwa juu ya noti, hesabu hiyo husimama. Noti huendelea kusikika kupita kipimo chake cha kawaida, na muda wa ziada haukuandikwa popote. Huamuliwa na mpigaji au na kiongozi. Vitabu vingi vya shule huwaambia wanafunzi kwamba noti yenye fermata iimbwe kwa muda maradufu. Hiyo ni kanuni ya kumsaidia anayeanza tu, wala haimo katika maana ya alama yenyewe.

Hapa ndipo ilipo shina la tatizo letu. Neno fermata maana yake ni “kusimama”, lakini mwimbaji anayeiona alama hiyo hasimamishi sauti yake. Kinachosimama ni hesabu ya mapigo. Sauti inabaki hewani. Mfano unaojulikana mno ni ule wa Simfonia ya Tano ya Beethoven, iliyopigwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini Vienna tarehe 22 Desemba 1808. Inaanza kwa noti tatu fupi na moja ndefu, kisha tatu fupi nyingine na moja ndefu. Noti zote mbili ndefu zina fermata, na ile ya pili imeunganishwa katika vipimo viwili, kana kwamba mtunzi alitaka kuhakikisha kwamba itadumu kuliko ya kwanza. Msikilizaji anayeisikia kwa mara ya kwanza hawezi kujua mwendo wa wimbo huo ni upi, kwa kuwa kila mara hesabu inapoanza kujengeka inasimamishwa. Viongozi wa okestra hutofautiana sana mahali hapo, na kila mmoja huweza kudai kwamba ameifuata karatasi kama ilivyo.

Alama hiyohiyo huweza kuwekwa juu ya alama ya kimya, na hapo kinachorefushwa ni ule ukimya. Huweza pia kuwekwa juu ya mstari wima unaogawa vipimo, na hapo huashiria mwanya mfupi kati ya noti moja na nyingine. Katika nyimbo ambazo sehemu ya kwanza hurudiwa mwishoni, fermata huonyesha mahali pa kukomea baada ya marudio, na mara nyingi huandamana na neno Fine, yaani mwisho. Katika tamthali za Kiitaliano na katika tungo za Mozart za ala moja ikisindikizwa na okestra, fermata juu ya akodi fulani karibu na mwisho ilikuwa ni ruhusa: okestra inanyamaza, na mpigaji mkuu anaonyesha ufundi wake kwa kubuni papo kwa papo. Carl Philipp Emanuel Bach, katika kitabu chake cha 1753 kuhusu upigaji wa kinanda, alitenga mahali maalumu pa kueleza namna ya kuzipamba fermata. Wazee wetu wa taarabu, waliozoea kumwachia mpiga udi au kanuni nafasi ya taksim, hawatakuwa na haja ya maelezo marefu kuhusu jambo hilo.

Asili ya neno

Fermata ni nomino iliyotokana na kitenzi fermare, “kusimamisha”. Kitenzi hicho kimerithiwa kutoka Kilatini firmare, na maana yake huko haikuwa kusimamisha hata kidogo. Firmare ilikuwa kuimarisha, kukifanya kitu kiwe imara, kutokana na kivumishi firmus, “imara”. Wanaisimu linganishi wengi huhusisha firmus na mzizi wa Kihindi-Kiulaya wenye maana ya kushika au kuhimili, mzizi ambao katika Kisanskriti umezaa neno dharma.

Mabadiliko ya sauti hayana utata. Irabu fupi i ya Kilatini iliyobeba mkazo hugeuka kuwa e katika Kiitaliano: pilus, “unywele”, imekuwa pelo, siccus, “kavu”, imekuwa secco, vivyo hivyo firmus imekuwa fermo. Mabadiliko ya maana nayo yanafuatika. Kilicho imara hakitikisiki. Kisichotikisika kimetulia mahali pake. Na kukifanya kitu kitulie mahali pake ni kukisimamisha. Kifaransa kilichukua njia nyingine kutoka hapohapo. Fermer katika Kifaransa ni “kufunga”, kwa sababu mlango ulioimarishwa kwa komeo ni mlango uliofungwa.

Ukoo huu una matawi yanayoshangaza. Kiitaliano chenyewe kina neno firma, “saini”, lililobaki na irabu i kwa sababu limepita katika maandishi ya wasomi, halikusagwa vinywani mwa watu kwa karne nyingi kama fermare. Saini ndiyo inayouimarisha mkataba. Kutoka firma hiyo Kijerumani kilipata jina la kampuni ya biashara, yaani jina ambalo mfanyabiashara hulitumia kutia saini. Katika Kilatini cha Zama za Kati firma ilikuwa pia malipo yaliyopangwa na yasiyobadilika, hasa kodi ya ardhi. Kutoka hapo Kifaransa na Kiingereza vimepata maneno yao ya “shamba”. Kwa hiyo shamba la mkulima wa Uingereza, saini ya karani wa Roma na alama iliyo juu ya noti ni jamaa wa damu.

Nasi tunaye jamaa katika ukoo huu, ingawa kwa tafsiri. Wakatoliki wa Afrika Mashariki huiita sakramenti ya confirmatio kwa jina la Kipaimara. Mtafsiri wa kwanza, awaye yote, aliliona firmus ndani ya neno la Kilatini, akachukua kivumishi chetu “imara”, chenye asili ya Kiarabu, akakiunganisha na kitenzi cha Kibantu “-pa”, akaweka ki- mbele. Ki-pa-imara: chenye kutoa uimara. Hii ni kazi nzuri ya istilahi, na nitairejea baadaye, kwani inaonyesha kwamba mtu anaweza kutafsiri mzizi wa neno na akafanikiwa. Katika fermata, hata hivyo, njia hiyo haitatufikisha mbali. Hakuna mwimbaji atakayeelewa akiambiwa kuwa hapa pana “uimarisho”.

Neno kuhusu umbo. Kiambishi -ata katika Kiitaliano ni cha jinsi ya kike, nacho kimetokana na kauli tendewa ya Kilatini. Kinapoambatana na mzizi wa kitenzi hutoa jina la tendo lililofanyika mara moja na kukamilika, au la zao la tendo hilo. Passeggiata ni matembezi ya mara moja. Telefonata ni kupiga simu mara moja. Muziki umejaa maneno ya namna hii: sonata ni kilichopigwa, cantata ni kilichoimbwa, toccata ni kilichoguswa. Fermata, basi, ni tendo la kusimama mara moja. Nimelitaja hili kwa sababu Kiswahili kina utaratibu unaokaribiana nalo, wa kiishio -o kinachogeuza kitenzi kuwa nomino: piga na pigo, enda na mwendo, imba na wimbo, lia na kilio, kaa na kikao. Nawaomba wanafunzi walishike jambo hilo.

Kuna pia ukweli mmoja mdogo unaowachekesha Waitaliano wenyewe. Katika miji yao, kibao kinachoonyesha mahali pa kupandia basi kimeandikwa fermata. Penye kibao cha fermata a richiesta, dereva hasimami mpaka aombwe na abiria. Labda kwa sababu hiyo wanamuziki wa Italia hupenda kuiita alama ile corona, yaani taji, au punto coronato, nukta iliyovikwa taji, na neno fermata wakaliachia tendo lenyewe na mabasi. Wasemaji wa lugha nyingine, ambao hawakupanda mabasi ya Italia, ndio walioing’ang’ania fermata kwa kila kitu. Wahispania huiita calderón, yaani sufuria kubwa, nadhani kwa kuitazama ikiwa imefunikwa. Wafaransa husema point d’orgue, nukta ya kinanda cha kanisani. Na kama alama iko juu ya kimya, baadhi yao hutumia jina jingine, point d’arrêt, nukta ya kusimama. Tofauti hiyo ya Wafaransa ina busara ndani yake.

Kwa nini Kiitaliano

Sitakaa sana hapa, kwa sababu habari hii imeelezwa mara nyingi. Katika karne ya 17 waimbaji, watunzi na wapiga fidla wa Italia walitawanyika katika majumba ya wafalme wa Ulaya nzima, na istilahi zao zikaenda pamoja nao, kama ambavyo istilahi za ubaharia za Kireno na za Kiarabu zilivyokuja pwani yetu na mabaharia wenyewe. Uchapaji ulisaidia pia: Venice ilikuwa kitovu cha uchapaji wa muziki tangu Ottaviano Petrucci alipotoa kitabu chake cha kwanza cha nyimbo mwaka 1501. Kufikia mwaka 1703, Sébastien de Brossard aliona haja ya kuwachapishia Wafaransa kamusi ya istilahi za muziki, nyingi zikiwa za Kiitaliano, kwa sababu karatasi zilizofika mikononi mwao zilijaa maneno wasiyoyaelewa. Tatizo tulilonalo sisi leo Wafaransa walikuwa nalo miaka mia tatu iliyopita.

Alama yenyewe, hata hivyo, ni kongwe kuliko ushawishi huo. Katika karne ya 15 watunzi waliitumia kuyapa maneno fulani uzito. Guillaume Du Fay, katika utungo wake wa mwaka 1433 kuhusu amani, Supremum est mortalibus bonum, alipofika kwenye majina ya Papa Eugenius na Mfalme Sigismund aliziacha sauti zote zitue pamoja katika akodi ndefu, kila akodi na taji lake. Muziki unasimama ili wakubwa wapite. Nani katika hadhara hii hajaona ngoma ikifanya hivyo?

Mwisho wa mstari

Sasa naingia katika sehemu inayowahusu zaidi wanafunzi wa Kiswahili. Katika nyimbo za Kilutheri za Ujerumani, kama zilivyopangiwa sauti nne na Johann Sebastian Bach, fermata huonekana mwishoni mwa karibu kila mstari wa maneno. Wataalamu wamebishana kwa muda mrefu kama alama hizo humtaka mwimbaji arefushe noti au humwonyesha tu mahali pa kuvuta pumzi na mahali ambapo mstari wa shairi umekwisha. Wale wanaoshikilia rai ya pili wana hoja nzito: katika Orgelbüchlein, mkusanyiko wa Bach wa tungo fupi za kinanda cha kanisani, fermata zimewekwa juu ya noti za wimbo mkuu ilhali sauti za chini zinaendelea kutembea bila kupumua. Huwezi kuisimamisha sauti ya juu na kuziacha za chini ziende zake. Hapo fermata ni alama ya uakifishaji. Inaeleza muundo wa shairi. Mimi nakubaliana nao, ingawa sidhani kwamba rai hiyo inazuia kurefusha kidogo panapofaa.

Nyimbo hizo, au jamaa zao, zilifika kwetu na wamisionari, zikatafsiriwa, na mpaka leo Walutheri wa Tanzania huziimba katika kitabu cha Mwimbieni Bwana. Na hapa pana mgongano wa lugha mbili ambao haujapewa uzito unaostahili. Kijerumani kina maneno mengi ya silabi moja, na mstari wa shairi la Kijerumani mara nyingi huishia kwenye silabi yenye mkazo. Fermata inapokuwa juu ya silabi hiyo, urefu wa muziki na uzito wa lugha vinakutana. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na hata katika mazungumzo ya kawaida silabi hiyo hurefuka kidogo neno linapokuwa mwishoni mwa sentensi. Tukiyaweka maneno yetu chini ya muziki uleule, fermata inaiangukia silabi ambayo mdomo wa Mswahili hutaka kuiacha kwa wepesi. Katika neno “Bwana” kinachorefushwa ni -na. Katika “rohoni”, -ni. Mgeni anayejifunza lugha kwa kusikiliza nyimbo za kanisani angeweza kudhani kuwa mkazo wa Kiswahili uko mwisho wa neno.

Hata hivyo, sitaki kuwalaumu watafsiri kupita kiasi. Sikio la Mswahili aliyelelewa katika ushairi halishtushwi sana na jambo hilo, kwa sababu kina cha shairi letu nacho hukaa kwenye silabi ya mwisho, iwe na mkazo au isiwe nao, na mghani wa mashairi huivuta sauti mwishoni mwa kipande, mara kwenye silabi ya mkazo, mara kwenye kina chenyewe, kama mahadhi yanavyomwongoza. Kwa maneno mengine, tulikuwa na fermata kabla ya kuipata alama yake.

Tulikuwa nayo pia katika madrasa. Mtoto anayejifunza tajwidi hufundishwa mapema alama za waqfu zilizoandikwa juu ya mistari ya Kurani: mim ndogo panapolazimu kusimama, jim panaporuhusiwa, lam-alif pasipofaa kusimama. Hufundishwa vilevile kwamba akisimama kwenye neno ambalo herufi yake ya mwisho imetanguliwa na irabu ndefu, anaweza kuivuta irabu hiyo kwa kadiri ya haraka mbili, nne au sita. Tazameni jinsi jambo hilo lilivyo karibu na mada yetu: msomaji anasimama, na kusimama kwenyewe kunarefusha sauti. Tofauti ni kwamba waqfu una kipimo kinachojulikana, ilhali fermata haina. Na kama nilivyoonyesha ukoo wa firmus, mzizi huu wa Kiarabu wa w-q-f nao una matawi yake. Kutoka kwake tumepata “wakfu”, mali iliyosimamishwa isiuzwe wala isirithiwe. Na katika Kiarabu cha leo mawqif ni mahali pa kusimama, pamoja na kituo cha basi. Lugha mbili zisizo na udugu, moja ya Kisemiti na moja ya Kilatini, zimetoka kwenye mizizi tofauti, na kila moja imefika kwenye mali iliyofungwa, usomaji au uimbaji unaosimama, na abiria anayesubiri barabarani.

Neno la Kiswahili

Katika makabrasha ya mafunzo ya kwaya niliyopata kuyaona, alama hii huitwa “pumziko”. Asili ya kosa hilo naifahamu. Waingereza huiita fermata pause, na mtafsiri aliyefungua kamusi ya kawaida alikuta “pumziko”. Kumbe pause ni mtego wa lugha nne. Kwa Waingereza ni fermata. Kwa Wafaransa ni alama ya kimya kirefu cha kipimo kizima. Kwa Wajerumani, Pause ni alama yoyote ya kimya, na pausa ya Waitaliano ni vivyo hivyo. Kwetu, alama ya kimya nayo imekwisha kuitwa “pumziko”, jina linaloifaa. Matokeo ni kwamba neno moja linamwambia mwimbaji anyamaze na linamwambia aendelee kuimba. Nilikuwapo katika mazoezi ya kwaya moja ambapo sauti ya kwanza na ya pili ziliishikilia noti huku tena na besi zikinyamaza, kila upande ukiwa na hakika kwamba umeifuata karatasi. Mwalimu wao alilitatua kwa kupaza sauti: “Hapa tunatua, hatupumziki!”

Neno lililomtoka mwalimu yule ndilo ninalolipendekeza. Tuiite fermata “kituo”.

Tuitazame asili yake. Kitenzi “-tua” kina mwenza wake katika “-twika”. Wanaisimu wa lugha za Kibantu wameonyesha kuwa vitenzi hivi viwili vina mzizi mmoja, *-tú-, unaohusu mzigo wa kichwani: -ik- humpandishia mtu mzigo, na kiambishi cha unyambuaji wa kinyume, kile tunachokiona katika “fungua” na “zibua”, humteremshia. Kutua, kwa asili, ni kuuweka chini mzigo uliotwikwa. Kutoka hapo maana imepanuka: ndege hutua, jua hutua, msafiri hutua njiani. Na katika ukoo huohuo tunaye “-tulia” pamoja na “utulivu”. Kitenzi hiki, mtaona, hutumika kwa yambwa na bila yambwa: mtu hutua mzigo, na ndege hutua yenyewe. Muitaliano kwa kawaida huongeza kirejeshi, fermarsi, ili kuonyesha tofauti hiyo.

“Kituo” kimeundwa kwa utaratibu nilioutaja wa kiishio -o. Ni kituo cha basi, kama ilivyo fermata. Ni alama ya uakifishaji inayoonyesha mwisho wa sentensi, kama ambavyo fermata za Bach huonyesha mwisho wa mstari. Na katika arudhi, tangu alipoeleza Sheikh Kaluta Amri Abedi katika Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, wanafunzi wetu wanakijua kituo kuwa ni mstari unaofunga ubeti, mahali ambapo mghani hutua. Ni mara chache sana istilahi ya kigeni ikapata neno letu linalolingana nayo katika nyanja tatu kwa pamoja.

Zipo hoja za kunipinga, na ni haki zisikilizwe. Ya kwanza ni kwamba tulikope neno lenyewe. Fonolojia haitatuzuia: mfuatano wa r na konsonanti tumeuzoea katika “karne”, “sharti” na “fursa”, kwa hiyo “fermata” ingeingia katika ngeli ya i-/zi- bila kugusa irabu hata moja. Kwa mwanamuziki anayesoma karatasi za kimataifa, mkopo huo una faida, nami nisingemkataza mtu kuutumia darasani. Lakini mwimbaji wa kawaida, aliyejifunza kwa sikio na kwa noti za do, re, mi, hapati mwanga wowote kutoka kwake.

Hoja ya pili ina uzito zaidi. Inasema kwamba kituo, kama ilivyo fermata, hutaja kusimama, ilhali sauti haisimami. Kwa hiyo afadhali neno lenye maana ya kushikilia au kudumisha. Nimelifikiria hilo. “Kishikizo” kimekwisha kuchukuliwa na mafundi cherehani, na “kidumisho” hakina aliyekizoea. Lakini jibu langu la msingi liko katika kitenzi chenyewe. Ndege aliyetua tawini hakuacha kuwapo, ameacha kuruka. Mzigo uliotuliwa ungalipo, mbele ya macho. Kutua hukomesha mwendo na kukiacha kitu chenyewe mahali pake, na hivyo ndivyo inavyofanya noti yenye fermata. “Kupumzika” na “kukoma” haviwezi kubeba maana hiyo. “Kusimama” huikaribia, lakini katika kwaya kina kazi nyingine, kwani mwalimu akisema “simameni” watu huinuka kwenye viti.

Hoja ya tatu ni ya wenzetu wa fasihi, wanaoogopa kwamba kituo cha shairi na kituo cha muziki vitachanganywa wimbo unapokuwa pia shairi. Hofu hiyo ni ya kweli katika uchambuzi wa nyimbo za taarabu, ambako vyote viwili huweza kutokea katika mstari mmoja. Nashauri tuige busara ya Waitaliano: jina la tendo liwe kituo, na jina la alama liwe taji. Mchambuzi ataandika kwamba kituo cha ubeti wa tatu kina taji kwenye silabi yake ya sita, na hakuna atakayepotea.

Yaliyobaki ni matumizi. Kitenzi kiwe “kutua”: waimbaji watue juu ya noti, na kiongozi aeleze kama kutua kwenyewe ni kufupi au kurefu, kwani watunzi wa karne ya 20 walianza kuonyesha tofauti hiyo kwa maumbo, taji la pembetatu kwa kituo kifupi na la mraba kwa kirefu. Luigi Nono, katika utungo wake wa ala nne za nyuzi wa miaka ya 1979 na 1980, Fragmente-Stille, an Diotima, aliutumia uhuru huo kwa wingi kiasi kwamba vituo vimekuwa ndio utungo wenyewe. Taji likiwa juu ya alama ya kimya, tuseme “kituo cha kimya”, kwa kufuata Wafaransa waliokataa kuyaita mambo mawili jina moja. Na pale linapokuwa juu ya mstari wima, kati ya noti iliyokwisha na isiyoanza, wala hakuna sauti ya kushikilia wala kimya kilichoandikwa, hapo mwenye kabrasha lake anaweza kuliacha “pumziko” kama lilivyo, maana hapo tu ndipo lilipokuwa sahihi.